Nyanya na jiki wapi na wapi? Namna salama ya kushughulikia vyakula vya sokoni wakati wa janga

Mwanzoni mwa mwaka 2020, mwanamke mmoja nchini Marekani alisikia kwenye taarifa ya habari kwamba kila kinachonunuliwa dukani kisafishwe kabla ya kuliwa. Akarudi nyumbani na mboga na matunda yake, akajaza sinki la jikoni maji ya moto, akamimina jiki, akaongeza na siki, kisha akatumbukiza kila kitu humo.

Haikuchukua muda, jiko zima likawa linanuka klorini. Akaanza kukohoa, kifua kikabana, kupumua kukawa shida. Akapiga simu ya dharura, akakimbizwa hospitali kwa gari la wagonjwa, akawekewa oksijeni na kupewa dawa ya kufungua njia ya hewa. Bahati nzuri, baada ya saa chache aliruhusiwa kurudi nyumbani.

Kisa chake kilichapishwa Aprili 2020 na kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC. Mama huyo hakupelekwa hospitali na corona. Kilichompeleka hospitali ni njia aliyotumia kuikwepa.

Na hakuwa peke yake. Kati ya Januari na Machi 2020, vituo vya kushughulikia sumu nchini humo vilipokea simu 45,550 za watu waliodhurika au kuhofia kudhurika na sabuni kali, jiki na dawa nyingine za kusafishia. Miezi hiyohiyo mwaka 2019 simu zilikuwa 37,822.

Mwezi Mei 2020 CDC ikawauliza watu wazima 502 wanasafishaje nyumbani. Karibu mmoja kati ya watano, yaani asilimia 19, alikiri kutumia jiki kwenye vyakula kama matunda na mboga.

Huku kwetu hali haikuwa tofauti sana. Mgonjwa wa kwanza wa Uviko-19 alitangazwa Kenya Machi 13, 2020, na Tanzania Machi 16. Ndani ya siku chache magrupu ya WhatsApp yakajaa maelekezo: osha machungwa kwa sabuni ya unga, acha mfuko wa vitu nje siku tatu, loweka mchicha kwenye jiki, usile kachumbari kabisa.

Sasa vumbi limetulia na utafiti umefanyika. Lakini kila ukizuka ugonjwa mpya, jumbe zilezile hufufuka. Kwa hiyo ni vizuri kujua lipi lilikuwa kweli, lipi lilikuwa hofu tu, na lipi linaweza kukuletea madhara.

Hofu ilitoka wapi?

Hofu haikutoka hewani. Machi 2020 jarida la tiba la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uliopima kirusi cha corona kinakaa muda gani kwenye vitu mbalimbali.

Majibu yakawa hivi: kwenye plastiki kilionekana mpaka saa 72, kwenye chuma kisichoshika kutu mpaka saa 48, kwenye boksi la karatasi ngumu mpaka saa 24, na kwenye shaba saa 4 tu.

Namba hizo zikazunguka dunia nzima. Watu wakahesabu: plastiki siku tatu, basi mfuko wa unga ukae nje siku tatu. Daktari mmoja wa jimbo la Michigan akarekodi video akionyesha namna ya kusafisha kila pakiti na hata kuosha matunda kwa sabuni. Ikatazamwa mara mamilioni.

Kilichosahaulika ni kwamba utafiti ule ulifanyika maabara, na kirusi kiliwekwa kwa makusudi. Tena utafiti huohuo ulionyesha kwamba kwenye plastiki nguvu yake ilipungua kwa nusu kila baada ya saa 7 hivi. Kile kilichopatikana saa ya 72 kilikuwa mabaki kidogo sana.

Julai 2020, mtaalamu wa vijidudu Emanuel Goldman wa Chuo Kikuu cha Rutgers aliandika kwenye jarida la Lancet Infectious Diseases kwamba hatari ya kuambukizwa kwa kugusa vitu ilikuwa imekuzwa kupita kiasi. Hoja yake ilikuwa rahisi: kiasi cha virusi kilichotumika maabara ni kikubwa mno kuliko kile ambacho mtu angekiacha kwenye kitu kwa kukohoa au kupiga chafya.

Aprili 2021 CDC nayo ikatoa makadirio yake. Ukigusa kitu chenye virusi vya corona, uwezekano wa kuambukizwa kwa mguso huo ni chini ya 1 kati ya 10,000.

Si sifuri. Ila ni mdogo sana ukilinganisha na kukaa chumba kimoja na mtu mwenye ugonjwa.

Je, mtu anaweza kupata corona kwa kula?

Shirika la Afya Duniani, WHO, lilisema tangu mwanzo kwamba hakuna ushahidi wa watu kuambukizwa Uviko-19 kupitia chakula au vifungashio vyake.

Sababu ni hii. Kirusi si kama bakteria. Bakteria akiangukia kwenye mchuzi uliopoa, anazaliana humohumo kwenye bakuli. Kirusi hakiwezi. Kinahitaji kuingia ndani ya chembe hai za mwili ndipo kizaliane. Kikiwa juu ya nyanya kinakaa tu na kuendelea kufa taratibu.

Pili, corona ni ugonjwa wa njia ya hewa. Njia yake kuu ni pua na mdomo wa mtu mwingine anayepumua, kuongea, kuimba au kukohoa karibu yako.

Kulikuwa na matukio yaliyowapa watu wasiwasi. Juni 2020 maambukizi yalizuka kwenye soko kubwa la Xinfadi mjini Beijing, na kirusi kikapatikana kwenye ubao wa kukatia samaki aina ya salmoni. Oktoba mwaka huo wataalamu wa China wakasema wamepata kirusi hai kwenye vifungashio vya samaki waliogandishwa mjini Qingdao. Ubaridi wa kugandisha hukihifadhi kirusi kwa muda mrefu.

Hata hivyo, nyanya za gengeni na samaki wa feri hawasafiri kwenye makontena ya barafu. Wanakaa juani na hewani, na huko kirusi hakidumu.

Na lile papai la 2020?

Wengi Tanzania wanalikumbuka. Mei 2020 aliyekuwa Rais, hayati John Magufuli, alisema sampuli za papai na mbuzi zilipelekwa maabara kwa siri zikiwa na majina ya watu, na majibu yakaja kwamba zina corona. Alitumia mfano huo kuhoji vipimo vilivyokuwa vikitumika. Kituo cha Afrika cha kudhibiti magonjwa hakikukubaliana naye na kilisema vipimo hivyo vinafanya kazi.

Mjadala wa vipimo ni habari nyingine. Kwa mtu wa jikoni, swali ni moja: papai linaweza kuugua corona na kukuambukiza?

Jibu ni hapana. Papai halina chembe ambazo kirusi hicho kinaweza kuziingia na kuzaliana ndani yake. Kama mtu mgonjwa amelikoholea muda huohuo, chembechembe zinaweza kubaki juu ya ganda. Maji na mikono misafi vinatosha kuliondoa tatizo hilo. Ganda lenyewe unalimenya na kulitupa.

Hatari kubwa iko sokoni, siyo kwenye kikapu

Hapa ndipo watu wengi walikosea hesabu. Mtu alikuwa anaingia sokoni bila barakoa, anasukumana na watu, anabishana bei uso kwa uso dakika kumi, kisha akifika nyumbani anaifuta pakiti ya chumvi kwa spiriti.

Kwa ugonjwa wa njia ya hewa, mambo ni kinyume chake. Kipindi kama hicho kikija tena, linda zaidi ule muda unaokuwa katikati ya watu:

- Andika orodha kabla ya kutoka ili usizunguke soko zima.
- Nenda saa ambazo watu ni wachache, mfano asubuhi au mchana kuliko jioni watu wakitoka kazini.
- Aende mtu mmoja, msiende familia nzima.
- Vaa barakoa inayofunika pua na mdomo, na usiishushe wakati wa kuongea. Kuongea ndiko kunakorusha mate.
- Gengeni au soko la wazi lenye hewa ni afadhali kuliko duka dogo lisilo na madirisha.
- Lipa kwa simu inapowezekana, usogee, umpishe mwingine.

Kumbuka pia muuza genge. Wewe unakutana naye dakika tano, yeye anakutana na wateja kutwa nzima. Barakoa yako inamlinda yeye na watoto wake. Kumkwepa au kumnyanyapaa hakumlindi mtu yeyote.

Ukifika nyumbani: hatua kwa hatua

Hii ndiyo sehemu ya kuihifadhi kwenye simu. Haihitaji dawa ya gharama.

1. Weka mfuko chini, nawa mikono. Tumia sabuni na maji yanayotiririka kwa sekunde 20. Zile ndoo za koki zilizoenea kila kona mwaka 2020 bado zinafaa sana. Kabla hujanawa, usishike uso wala simu.

2. Toa vitu, panga. Mchele, sukari, unga, mafuta: weka mahali pake. Hakuna haja ya kufuta kila pakiti. Kama chupa ina vumbi au imemwagikiwa na kitu, ifute kwa kitambaa chenye maji na sabuni. Inatosha.

3. Tenga nyama, kuku na samaki na vitu vingine. Viweke kwenye bakuli lenye mfuniko, kwenye rafu ya chini kabisa ya friji, ili maji yake yasidondokee matunda.

4. Nawa mikono tena. Umemaliza kupanga, nawa. Huu unawaji wa pili ndio unaofanya kazi ile ambayo watu walidhani inafanywa na jiki.

5. Mboga na matunda osha unapotaka kutumia, siyo kabla ya kuhifadhi. Mboga iliyoloana huoza haraka. Kung'uta udongo, toa majani yaliyooza, hifadhi ikiwa kavu.

6. Kuosha kwenyewe ni maji safi yanayotiririka na kusugua kwa mkono. Nyanya, hoho, maembe, machungwa: sugua taratibu chini ya koki. Viazi na karoti: tumia brashi safi. Huna bomba? Mwombe mtu akumiminie kwa kikombe, au tumia beseni na ubadilishe maji mpaka yatoke meupe.

7. Osha kabla ya kukata au kumenya. Hii inahusu hata tikiti na nanasi, ambavyo ganda lake huliwi. Kisu kikipita kwenye ganda chafu, kinaingiza uchafu ndani ya nyama ya tunda.

8. Mboga za majani osha kabla ya kukatakata. Tenganisha jani moja moja, hasa mchicha, spinachi na sukuma wiki. Mchanga na vijidudu hujificha kwenye mikunjo.

9. Fua mfuko wa soko. Tangu Tanzania ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki Juni 1, 2019, wengi tunarudia mifuko mbadala au vikapu. Ni jambo zuri, ila ule uliobebea samaki jana usibebe nyanya leo bila kufuliwa. Bora uwe na wa nyama na wa mboga.

Usifanye haya

Usioshe chakula kwa sabuni. Iwe ya mche, ya unga au ya maji ya vyombo. Matunda na mboga vina vitundu vidogo vinavyofyonza. Ukila sabuni unaweza kupata kichefuchefu, kutapika na kuharisha. Hata mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani inakataza.

Usiloweke chakula kwenye jiki. Jiki ni dawa ya nguo, sakafu na choo, haikutengenezwa kuliwa.

Usichanganye dawa za kusafishia. Jiki ikikutana na siki, au kitu kingine chenye asidi kama ndimu na baadhi ya dawa za choo, inatoa gesi ya klorini. Hiyo ndiyo iliyomlaza mama wa Marekani. Jiki na dawa zenye amonia nazo hutoa gesi nyingine inayochoma mapafu. Kwenye jiko dogo lenye dirisha moja, gesi inajaa chap chap.

Ikitokea bahati mbaya ukachanganya, usikae kujaribu kumwaga. Toka nje upate hewa, toa watoto, fungua milango, na kama kifua kinabana nenda kituo cha afya.

Usifute chakula kwa vitakasa mikono wala spiriti. Ni vya mikono na vifaa. Ukikaa karibu na moto navyo, vinawaka.

Usiweke jiki kwenye chupa ya maji au ya soda. Mtoto hatasoma akili yako. Ataona chupa, ataona maji, atakunywa.

Na chumvi, siki au ndimu zenyewe bila jiki? Hazina madhara, lakini usizitegemee ziue kila kijidudu. Kazi kubwa inafanywa na maji na kusugua.

Adui wa zamani bado yupo jikoni

Wakati wote tuliokuwa tunawaza corona kwenye nyanya, vijidudu vya siku zote havikwenda likizo.

WHO ilikadiria mwaka 2015 kwamba kila mwaka watu milioni 600 duniani huugua kwa sababu ya chakula kisicho salama, na 420,000 hufariki. Kati ya wanaofariki, 125,000 ni watoto wa chini ya miaka mitano. Afrika ni miongoni mwa maeneo yanayoumia zaidi.

Wengi wa hawa hawaumizwi na kitu cha ajabu. Ni bakteria kwenye kuku ambaye hakuiva, ubao wa kukatia uliotumika kwa nyama kisha kachumbari, na kiporo kilicholala mezani.

Kwa hiyo zingatia haya:

Kuku mbichi. Wataalamu wanashauri asioshwe kabisa, kwa sababu maji yanarusha bakteria kwenye sinki, vyombo na nguo. Moto ndio unaowaua. Kwa wengi wetu hilo ni gumu kukubali. Kama ni lazima umwoshe, mwoshee kwenye beseni lake, maji kidogo, taratibu, mbali na vyombo na mboga. Ukimaliza, osha beseni, sinki na mikono kwa sabuni.

Ubao na kisu. Ukiwa na mbao mbili ni vizuri, moja ya nyama na moja ya mboga. Una mmoja? Kata kachumbari kwanza, nyama baadaye, kisha osha kwa sabuni na maji ya moto.

Kuivisha. WHO inashauri chakula kifike nyuzi joto 70 hata katikati. Huna kipimajoto? Angalia: mchuzi uchemke hasa, nyama ya kuku isiwe na wekundu karibu na mfupa, majimaji yake yawe meupe.

Kiporo. Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili. Bakteria hupenda joto la kati ya nyuzi 5 na 60, ambalo ndilo joto la jikoni kwetu. Wali uwe macho nao zaidi: kuna bakteria ambaye mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa, na wali ukilala nje hutoa sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Kwa hiyo ule msemo wa "nitaupasha tu asubuhi" haufanyi kazi kila mara.

Umeme ukikatika. Usifunguefungue friji. Ikiwa imefungwa, vyakula hukaa salama kwa saa 4 hivi. Friza iliyojaa hushikilia ubaridi mpaka saa 48, iliyojaa nusu saa 24, ilimradi usiifungue. Baada ya hapo nyama, maziwa na mapishi yaliyolala visiwe vya kuonja ili kujua kama vimeharibika.

Kipindupindu: hapa chakula kinahusika kweli

Ukisikia neno janga, akili inakwenda corona. Lakini kuna janga jingine ambalo halijawahi kuisha. Janga la saba la kipindupindu lilianza barani Asia mwaka 1961, likaingia Afrika mwaka 1971, na mpaka leo linaibuka mara kwa mara.

Agosti 2015 lilizuka Dar es Salaam na kusambaa mikoa mingi ya Tanzania. Oktoba 2022 mlipuko mwingine ulianza Kenya.

Tofauti ni kubwa. Corona inapita hewani. Kipindupindu kinapita mdomoni: maji yenye kinyesi, mboga zilizomwagiliwa au kuoshwa kwa maji hayo, samaki ambao hawakuiva, mikono michafu ya anayeandaa chakula. Kipindi cha mvua za masika, vyoo vikifurika na mabomba yakipasuka, uchafu unaingia kwenye maji na maji yanaingia jikoni.

Ndiyo maana ushauri hapa unabadilika:

- Maji ya kuoshea mboga na matunda yawe salama ya kunywa. Yachemshe yakapoe, au tumia dawa ya kutibu maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Dawa hiyo ina klorini kidogo iliyopimwa kwa ajili ya maji ya kunywa. Usibadilishe na jiki ya kufulia kwa kukisia.
- Mlipuko ukiwa mtaani kwako, kula vilivyopikwa na bado vya moto. Kachumbari na saladi zisubiri, hasa za kununua.
- Matunda menya mwenyewe. Yale yaliyokatwa na kupangwa barabarani yaache kwanza.
- Barafu na juisi uliza zimetengenezwa kwa maji gani.
- Nawa mikono kwa sabuni ukitoka chooni na baada ya kumbadilisha mtoto, kabla ya kushika chakula.

Dalili zinaweza kuanza kati ya saa 12 na siku 5 baada ya kula au kunywa. Mtu akianza kuharisha majimaji kama maji ya mchele, mpe maji ya chumvichumvi ya pakiti, yaani ORS, mara moja, na umpeleke kituo cha afya bila kusubiri kupambazuke. Kipindupindu kikali kinaweza kuua ndani ya saa chache, lakini kinatibika mgonjwa akiwahi.

Maswali ya haraka

Mayai nioshe? Usioshe kabla ya kuhifadhi. Ganda lina utando unaozuia vijidudu kuingia. Lenye uchafu lifute kwa kitambaa kikavu, au lioshe dakika ile unapotaka kulipika. Likaange au lichemshe mpaka kiini kigande.

Mkate, chapati na maandazi ya kununua? Salama. Nawa mikono kabla ya kula. Chagua muuzaji anayefunika na anayetumia koleo au uma badala ya mkono uleule anaoshikia pesa.

Noti na sarafu? Zinashikwa na watu wengi, hivyo nawa baada ya kuzishika. Hakuna haja ya kuzifua wala kuzipiga pasi. Machi 2020 Kenya iliondoa ada za kutuma pesa kwa simu kwa kiasi kisichozidi shilingi 1,000 za nchi hiyo ili kupunguza matumizi ya fedha taslimu.

Tuna mgonjwa wa corona ndani, apike? Hapana, kama kuna mwingine. Siyo kwamba ugali wake utakuwa na virusi baada ya kuchemka, bali jikoni mnapumua hewa moja. Apakuliwe, akae chumba chenye madirisha wazi, na vyombo vyake vioshwe kwa sabuni kama kawaida.

Tuache kula mbichi kabisa wakati wa corona? Hapana. Matunda na kachumbari iliyooshwa vizuri vinaendelea kuwa chakula bora. Kuviacha kwa kuogopa corona ni kujinyima bure. Kwenye kipindupindu, kama tulivyoona, ndipo mbichi inasubiri.

Swali la kuanza nalo mlipuko mwingine ukija

Kabla hujafuata ujumbe uliotumiwa, jiulize kwanza: ugonjwa huu unapita wapi?

Kama unapita hewani, nguvu zako ziende kwenye barakoa, nafasi na hewa. Kama unapita mdomoni, ziende kwenye maji, moto na choo. Kwa vyote viwili, sabuni ni ya mikono, maji safi ni ya mboga, na jiki ibaki chini ya sinki, mbali na watoto na mbali na nyanya.